Chokaa Isiyo na Nili

Mke wangu Filumena alikufa Jumanne ya pili ya Kwaresima, saa tatu asubuhi, nilipotoka kwenda kuchota maji. Niliporudi nilimwaga maji kwenye mtungi kwanza, nikafunika, nikatundika ndoo, ndipo nikaenda kumfumba macho. Msiniulize kwa nini nilishughulika na maji. Sijui. Tangu asubuhi ile nimekuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaushika, unajua ni wako, lakini haukujibu.

Siku mbili kabla, alinishika mkono akaubana kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

"Wistin, niapie."

"Nikuapie nini? Lala wewe."

"Niapie utamwambia Ġuditta kabla ya Pasaka. Sitaki ashuke kwenye wavu Jumatatu ya Pasaka anitafute, akute benchi tupu."

Nikaapa. Mtu akiwa anakufa, utakataa nini?

Ġuditta ni binti yetu, hatukupata mwingine. Yuko kwenye monasteri ya Santa Tekla, ndani ya kuta za mji wa Mdina, hapa Malta, na sisi tunakaa Rabat nje ya lango. Ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu asiye na ngazi begani. Dakika kumi, na nilikuwa sijamwona miaka kumi na tisa. Siku aliyoingia nilisimama darajani mbele ya lango la mji, watu wakisikia, nikasema mimi sina binti, na anayetaka kuongea na chuma aende akaongee na chuma. Filumena akaenda. Mara mbili kwa mwaka, Jumatatu ya Pasaka na sikukuu ya Santa Tekla, alikaa kwenye lile benchi mbele ya wavu wa chuma, na nyuma ya wavu kitambaa cheusi, na nyuma ya kitambaa sauti ya mtoto wake. Mimi nilibaki nyumbani na hasira zangu. Hasira hasara, wanasema, na kweli, hakuna nilichopata.

Sasa sikilizeni jambo la watu hawa. Kule ndani, mzazi wa sista akifa, Mama Mkuu hagongi mlango wa mfiwa. Anasubiri wote wakae mezani, anagonga kengele, anasema, "Mama wa mmoja wetu amefariki. Tumwombee." Basi. Hataji jina. Ndiyo kanuni yao, ya miaka mia tatu na zaidi: waliacha vyote, kwa hiyo kila msiba ni wa wote. Mwaka mmoja lilitangazwa "baba wa mmoja wetu," na Ġuditta akanililia mimi siku arobaini. Mimi huyu! Nimekaa nyumbani nakula maharage, mtu ananililia. Pasaka ilipofika akashuka kwenye wavu, na neno lake la kwanza kwa mama yake likawa, "Baba mzima?"

Filumena alinisimulia hayo akicheka na kufuta macho. Mimi nikatoka nje nikampigia mbwa wa jirani kelele.

Baada ya mazishi nilikwenda monasteri. Nilikaa kwenye benchi la Filumena, na Mama Mkuu akaja nyuma ya kitambaa.

"Kwaresima hatupokei wageni, bwana Wistin. Pole kwa msiba. Tulitangaza Jumatano."

"Ulitaja jina?"

"Kanuni haitaji jina."

"Mko wangapi humo ndani wenye mama hai?"

"Walikuwa sita."

"Basi watano wanalia bure."

"Hakuna sala ya bure," akasema, na nikasikia kiti kikivutwa. Kuandika siwezi, na hata ningeweza, barua zote anazisoma yeye kwanza. Nikarudi nyumbani nikalala na viatu.

*

Kila mwaka kabla ya Jumapili ya Matawi monasteri hupakwa chokaa. Wanaume wanaoruhusiwa kuvuka mlango ule ni watatu tu: daktari, padri anayempelekea mtu mafuta ya mwisho, na mpakaji chokaa. Kwa miaka thelathini mpakaji chokaa alikuwa Nardu. Sasa Nardu, mzee mzima, alipanda mtini kumfuata paka, akavunjika mguu. Paka alishuka mwenyewe. Mafundi wengine wote walikuwa makanisani, maana kabla ya Pasaka kila ukuta wa kisiwa hiki cha Malta unataka kuoga. Wakabaki na mimi. Mimi ni Wistin Ta' Ġir, yaani wa Chokaa. Baba yangu alikuwa wa Chokaa, na babu yangu pia.

Mama Mkuu alinipokea penye sanduku la kuzunguka, lile pipa la mbao lililojengwa ukutani, unaweka kitu upande wako, linazungushwa, kinatokea upande wao. Likazunguka. Ndani yake mlikuwa na msalaba.

"Weka mkono juu yake," sauti yake ikasema kwenye kitundu cha kuchungulia. "Apa kwamba hutamwambia sista yeyote neno lolote kuhusu msiba wako. Kwa mdomo, kwa ishara, kwa karatasi."

Kiapo juu ya kiapo. Nilitazama mkono wangu ukienda kukaa juu ya msalaba kama mkono wa mtu mwingine. "Naapa," nikasema. Nilijiambia nitakivunja. Nikishaingia ndani, nikimwona, nitakivunja, Mungu ataamua mwenyewe kipi kizito.

"Na hicho kitambaa cheusi cha msiba mkononi, kivue."

Nikakivua, nikakitia mfukoni.

Mlango ukafunguliwa na Sista Kruċifissa, bonge la mwanamke wa kutoka kisiwa cha Gozo, shela usoni, kengele mkononi, ndogo kama ya mbuzi. Kazi yake ni kutembea mbele ya mwanamume akiiliza, ili masista waingie vyumbani na kufunga milango. Yeye ndiye pekee anayeruhusiwa kusema na fundi, na alikuwa ameitunza ruhusa hiyo tangu mwaka jana.

"Hee! Fundi, ndevu hizo! Umetoka jela?"

"Nimetoka nyumbani."

"Nyumbani kwenu hakuna kioo? Haya, nifuate, usiguse kitu. Ngazi hiyo iangalie, hapo kuna malaika wa plasta, Nardu alimvunja pua mwaka juzi, tukamgundishia ya nta, mwaka huu sitaki akose na sikio."

Tukaenda. Kengele ikilia mbele, milango ikifungwa, mmoja baada ya mwingine. Korido nzima ikawa tupu. Kwenye milango hakuna majina ya watu, kuna picha za watakatifu tu. Ġuditta angeweza kuwa nyuma ya wowote.

Nikachanganya chokaa.

Hapa inabidi niseme jambo la kazi. Chokaa tupu si nyeupe. Ina umanjano, kama maziwa yaliyolala. Fundi anafunga nili kwenye kitambaa, ule unga wa buluu wa kufulia nguo, anaizungusha ndani ya ndoo, na hapo ndipo ukuta unang'aa kama shati la Jumapili. Kila fundi anafanya hivyo. Lakini sisi wa Ta' Ġir tuna yetu: nyumbani kukifiwa, mwaka mzima chokaa yetu haitiwi nili. Kwa mteja yeyote, hata kwa askofu. Watu wananung'unika, tunawaacha wanung'unike. Alipokufa baba yangu, Ġuditta alikuwa na miaka minane na kazi yake ilikuwa kunishikia kifuko cha nili. Akaninyooshea kama kawaida. Nikamwambia, mwaka huu hapana, weka mfukoni. Akakiweka kwenye mfuko wa aproni akatembea nacho mwaka mzima, mkate wake ukawa wa buluu, mdomo wake wa buluu, mama yake akipiga kelele. Akakataa kukitoa. Kichwa kigumu, yule mtoto.

Ile asubuhi sikuyawaza yote haya. Nawasimulia sasa tu. Pale nilichanganya chokaa bila nili kwa sababu mkono ulichanganya bila nili, nikapanda ngazi, nikaanza kupaka kutoka dari kushuka.

Nyuma ya mlango wa tatu mtu alikohoa. Nyuma ya ule wa mwisho mtu alikuwa anasali kwa kunong'ona. Sista Kruċifissa alikaa kwenye kigoda, mwisho wa korido, kichwa kikaanguka kifuani, akakoroma. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Maneno machache tu: Ġuditta, mama yako amekufa. Sauti yangu ingefika kila chumba, na ningekuwa nimemaliza. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Si kwamba niliogopa kiapo, wala Mungu, wala yule mwanamke wa nyuma ya kitambaa. Nilitafuta sauti yangu pale inapokaaga, sikuikuta. Nikafunga mdomo, nikachovya brashi.

Saa sita kengele ya kanisa ikapigwa, Kruċifissa akaamka kana kwamba hakulala, akanitoa uani ili masista wapite kwenda sala, akanipa mkate wa nyanya na mafuta ya zeituni, na biskuti mbili ngumu za lozi, za Kwaresima. Alikaa hatua kumi kutoka kwangu.

"Kula, fundi. Umekonda. Mkeo hakupikii?"

Nikatafuna.

"Haya, usiseme. Sisi humu tumefiwa, unajua? Mama wa mmoja wetu."

"Wa nani?"

"Sasa tungejua si tungepumzika! Wangu ana miaka tisini na sita, yuko Gozo. Kila usiku namzika. Asubuhi namfufua, nasema, aa, yule mwanamke hawezi kufa, ana deni na kila mtakatifu. Mchana namzika tena." Akacheka, kisha akaingiza kidole chini ya shela akafuta. "Mama Mkuu anasema tukue katika upendo. Mimi kukua nimeshakua, niangalie."

Ningeweza kumwambia, si mama yako, Sista, mama yako mzima. Neno hilo tu. Biskuti ilikuwa mdomoni, nikaendelea kuitafuna mpaka ikaisha, na ya pili nikaitia mfukoni pamoja na kitambaa cheusi.

Saa tisa nilikuwa nimemaliza korido. Mama Mkuu akaja kukagua. Mrefu, mkavu, mikono ndani ya mikono ya joho.

"Hii ni nini?"

"Chokaa."

"Ya Nardu ilikuwa nyeupe. Hii ni chafu. Umetia nili?"

"Sikutia."

"Kwa nini?"

Nikimweleza kwa nini, nimeshataja msiba, na milango yote ina masikio. "Nilisahau," nikasema.

"Basi tia, urudie. Masista watakuja hapa kwa maandamano ya Matawi."

Nikaagiza nili, Kruċifissa akaileta kutoka chumba cha kufulia. Nikaizungusha kwenye ndoo. Nikapanda ngazi kurudia. Nilikuwa nimeshafunika nusu ya korido ndipo likanijia, taratibu, kama mtu anayeamshwa kwa kuvutwa mguu: kumbe ule ukuta ulikuwa unasema! Tangu asubuhi ulikuwa unasema, na mtu mmoja tu humu ndani ndiye angeuelewa, na mimi hapa naufuta. Ġuditta alikuwa ametoka chumbani kwa sala ya mchana au hakutoka? Alitazama ukuta au alitembea ameinamisha kichwa kama wanavyofundishwa? Nikasimama kwenye ngazi. Ndoo ilikuwa ya buluu. Ningeweza kushuka, kumwaga, kugoma.

Mkono ukaendelea kupaka. Jioni korido iling'aa kama shati la Jumapili, na mimi nikatoka pale mjinga aliyevunja kiapo cha mkewe bila hata kupata ujasiri wa kuvunja cha pili. Nilijichukia, lakini hata chuki yenyewe ilikuwa mbali, kama kelele za nyumba ya tatu.

*

Kesho yake ilikuwa zamu ya vyumba. Sista Kruċifissa alinifungulia mlango, na hata kengele hakuwa ameishika vizuri.

"Si mama yangu!" akasema. "Fundi, si mama yangu! Yule bibi yuko Gozo anakula!"

"Nani kakwambia?"

"Sista Plaċida! Jana jioni, mezani. Usimwambie Mama Mkuu kwamba nimekwambia, ingia, ingia. Tumekaa tunakula supu, kimya, tunasomewa maisha ya watakatifu. Mara Plaċida anasimama. Huyo hajawahi kusimama miaka yote! Anasema, 'Aliyekufa ni mama yangu, Filumena. Nyinyi watano mama zenu wazima. Kuleni.' Hivyo hivyo! 'Kuleni.' Sista Ġertrude akaangusha kijiko, akaanza kulia, na mimi nikaanza. Mama Mkuu akamuuliza, nani kakwambia? Plaċida akasema, 'Hakuna aliyeniambia. Mchana nilipokwenda sala, ukuta wa korido ulikuwa hauna nili.' Hebu fikiria, mtu anasema ukuta! Tukadhani msiba umempanda kichwani. Mama Mkuu lakini hakumkaripia. Alikaa akaukazia macho mlango wa korido muda mrefu. Kisha akampa adhabu, kula amepiga magoti mpaka Pasaka, kwa kuvunja kimya."

Plaċida ndilo jina walilompa Ġuditta siku aliyoingia. Nadhani aliuona uso wangu.

"Fundi," akasema polepole. "We fundi. Plaċida ni nani wako?"

Nilikuwa nimeapa. Lakini nilikaa chini pale pale kwenye kizingiti, juu ya ndoo iliyogeuzwa, na Kruċifissa akasahau kanuni zote akasimama karibu yangu, akiiliza ile kengele kidogo kidogo kama mtu anayebembeleza mtoto.

Nilipaka vyumba vitatu kwa nili. Mbele ya mlango wa nne Mama Mkuu alikuwa amesimama.

"Nimekaa nikitafuta ni wapi ulikivunja kiapo," akasema. "Sikupaona."

"Sikukivunja."

"Najua. Ndiyo maana nimechoka." Akasogea mlangoni. "Mwenye chumba hiki ameniomba, kwa unyenyekevu, kisitiwe nili. Nimemruhusu. Mwaka mmoja, amesema. Ndivyo?"

"Ndivyo, Mama."

Nikaiosha ndoo mara tatu mpaka maji yakatoka meupe. Nikachanganya upya. Ndani mlikuwa na kitanda cha mbao, kiti, bakuli, msalaba. Ukutani, upande wa kitanda, palikuwa pamesuguka, pa urefu wa bega la mtu anayesali ameegemea. Miaka kumi na tisa ya bega la mtoto wangu. Nilipafikia pale nikasimamisha brashi, maana kupapaka sikutaka na kutopapaka haikuwezekana. Ganzi ikitoka mguuni inauma, kila mtu anajua. Iliniuma. Nililia nikiwa nimesimama, brashi ikinidondokea kwenye kiatu, na nikapapaka pale kwa chokaa tupu, taratibu, mara mbili.

Nilipotoka Mama Mkuu bado alikuwa pale.

"Jumatatu ya Pasaka," akasema, "kitabu cha wageni kina jina la Filumena. Nalifuta. Niandike nani?"

Kule darajani, mbele ya watu, nilikuwa nimesema sina binti. Baadhi ya watu wale wangali hai, na wanakumbuka vizuri kuliko mimi.

"Niandike mimi."

*

Jumatatu ya Pasaka nilinyoa. Nikafunga kitambaa cheusi mkononi, nikavuka daraja, nikakaa kwenye benchi la Filumena. Mbao zake zilikuwa zimelainika mahali pamoja, nikakaa hapo hapo. Nikasikia nyayo upande wa pili, nyepesi, za haraka, kisha zikasimama. Mimi sikuona kitu ila kitambaa, na yeye hakuona kitu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yakapotea.

Nikadhani ameondoka.

Kisha sauti ya mwanamke mzima, ambayo sikuijua, ikauliza:

"Baba mzima?"

"Mzima," nikasema. "Mzima, mwanangu." Nikaweka mkono kwenye wavu, na yeye upande wa pili akangoja.